Dang'a na Ng'ombe wa Pwani

Pantoni ya asubuhi kutoka Kigamboni hufika Feri imejaa watu wima, bodaboda, bajaji na baiskeli za madumu. Ukisimama upande wa mjini kabla mlango haujagusa zege, utawatambua wauza maziwa mara moja. Wamejipanga mbele kabisa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umelishika dumu lisigongwe. Wana haraka kuliko watu wa ofisini, maana jua likipanda maziwa hayamsubiri mtu. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa 2016 baadhi ya watu walihamia njia ya Kurasini, lakini hawa wa baiskeli bado wanapita majini, kwa kuwa wateja wao wa zamani wako hapahapa, baina ya soko la samaki na Kivukoni.

Mmoja wao, mzee mwenye barakashia iliyofifia, aliegemeza baiskeli karibu na mama lishe nyuma ya soko, akachomoa kwenye kapu chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Ndani mlikuwa na kitu cha manjano kama kiini cha yai, kizito, kinachong'ang'ania ukuta wa chupa kila alipoiinamisha.

"Shikamoo mzee. Leo umeniletea nini?"

"Marahaba, mwanangu. Dang'a hiyo. Ng'ombe kazaa jana usiku."

"Ndama kapata?"

"Kashiba mpaka kalala. Hii imebaki."

"Shilingi ngapi?"

Mzee akacheka. "Toka lini dang'a ikauzwa? Wapikie watoto."

Mama lishe aliimimina yote kwenye sufuria, akatia sukari na iliki mbili alizozipasua kwa meno, akaiweka juu ya mkaa uliobaki baada ya supu ya pweza. Hakukoroga. Kwa dakika chache haikutokea kitu, halafu pembeni pakaanza kuganda, ugandaji ukasogea katikati, na mara sufuria nzima ikawa donge laini la rangi ya siagi, limezungukwa na maji maangavu. Alikata kipande kwa kijiko akanipa kwenye kisahani cha chai. Kilikuwa kitamu, baina ya yai na jibini, na kilibanabana kidogo chini ya jino.

"Kula, mwanangu," akasema. "Hii ni kinga. Mwaka mzima hukohoi."

Wiki hiyohiyo, Kariakoo, kijana wa duka la virutubisho Mtaa wa Narung'ombe alinionyesha kopo jeupe lenye picha ya ng'ombe wa madoadoa amesimama kwenye majani ya kijani. Unga wa dang'a, kutoka New Zealand. Naye alitumia neno lilelile: kinga. Kwa bei ya kopo lile mtu angenunua maziwa ya mwezi mzima kwa mzee wa barakashia. (Narung'ombe, kwa wanaoshangaa, si jina la ng'ombe. Ni mahali bara ya Kilwa ambapo Waingereza na Wajerumani walipigana Julai 1917, zama zilezile ambazo wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, walipiga kambi hapa mjini na kuliachia eneo jina la Kariakoo.)

Nikajiuliza imekuwaje kitu ambacho zizini hakiuzwi kikavuka bahari kimekaushwa, na kama kinga anayoisema mama lishe ndiyo hiyo anayoisema kijana wa duka. Nilipoanza kuifuata habari hii nilikuta mwanzo wake mmoja uko karibu mno na Feri, mwendo wa robo saa kwa miguu.

Ukiacha soko la samaki nyuma, ukaipita Ikulu na kuifuata bahari kuelekea kaskazini, unafika kwenye majengo meupe yenye matao na vikuba. Leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wajerumani waliifungua 1897, hospitali ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na yao, iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake bado linaitwa kila siku kwenye wodi ya Sewahaji kule Muhimbili. Mwaka huohuo wa 1897 alishuka bandarini Robert Koch. Alikuwa ametokea Bombay kuchunguza tauni, na jina lake lilikwishavuma tangu 1882 alipomtambua kijidudu wa kifua kikuu. Alikuja na darubini zake kuitazama malaria. Lakini mji ulikuwa na shida nyingine iliyomvuta pia: ng'ombe.

Ilikuwa miaka michache tu tangu sotoka ipite. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki karibu 1890 na kufagia mazizi kuanzia Umasaini hadi kusini. Koo zilizokuwa zikihesabu ng'ombe kwa mamia zilibaki na mikuki na ngozi kavu. Waliosalimika walikuwa mali adimu. Na wale walioswagwa kutoka bara kuja kulisha mji mpya wa pwani walifika wazima, wakakaa kidogo, kisha wakashikwa na homa na kufa. Ng'ombe wa pwani, wadogo, wasio na umbo la kujivunia, walichunga majani yaleyale pamoja nao na hawakudhurika.

Wachungaji hawakuhitaji Mjerumani awaambie hilo. Ila Koch alilichukua kama swali la maabara. Alikusanya kupe kutoka ng'ombe wa pwani, akawapeleka Kwai, juu Usambara, kwenye baridi ambako ugonjwa haukuwepo, na kupe waliozaliwa na hao wakawaambukiza ng'ombe wa kule. Aliandika kwamba ni homa ya Texas, ile ya kukojoa damu, iliyokwisha kuelezwa Marekani. Kwenye damu ya baadhi ya ng'ombe wa Dar es Salaam aliona pia vijiti vidogo sana ndani ya chembe nyekundu, akadhani ni watoto wa kimelea kilekile. Hapo alikosea. Vilikuwa vimelea vya ugonjwa mwingine kabisa, ambao wafugaji wetu wanauita ndigana kali. Ilibidi aitwe Rhodesia 1903, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa maelfu, ndipo akakubali kwamba ni ugonjwa wa peke yake na akaupa jina la pwani yetu, homa ya pwani ya Afrika. Wanasayansi wa Kiingereza bado wanauita Homa ya Pwani ya Mashariki. Ni sifa ambayo Dar es Salaam haikuiomba.

Alirudi hapa 1905, akaendelea na kupe na papasi, na mwishoni mwa mwaka huo akapewa tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alikuwa visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, akiwatibu watu malale kwa dawa yenye arseniki iliyowapofusha baadhi yao. Nalitaja hilo kwa sababu vitabu vya sifa hulipita haraka.

Lakini swali la ng'ombe wa pwani lilibaki: kinga yao imetoka wapi? Hawakuzaliwa nayo kama rangi ya ngozi, maana ndama wa pwani aliyelelewa mbali na kupe akirudishwa mkubwa hufa kama mgeni. Jibu ni kwamba kila ndama wa pwani anakutana na kupe akiwa mdogo, anaugua kidogo, anapona, na mwili wake haumsahau adui. Kwa homa ya kukojoa damu, umri mdogo wenyewe ni ngao, na juu ya ngao hiyo kuna dang'a ya mama inayomlinda majuma ya mwanzo. Kwa ndigana kali mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mapambano yake hufanywa na chembe za mwili zenyewe, wala si kwa kingamwili zinazoelea damuni. Dang'a haimsaidii sana huko, na ndama wengi huzikwa. Kwa hiyo dang'a ni kama mkopo wa muda mfupi. Mama anamkopesha mtoto kumbukumbu ya magonjwa ya mahali pale, na mtoto anautumia mkopo huo hadi apate zake.

Jambo hilo halikujulikana Dar es Salaam. Lilijulikana Berlin, na tena kwa panya. Paul Ehrlich, aliyefanya kazi katika taasisi ya Koch, aliwazoesha panya sumu mbili kidogo kidogo, mojawapo ikiwa sumu ya mbegu za mbarika, ileile nyonyo inayojiotea kwenye vichochoro vya Buguruni. Walipokuwa hawadhuriki tena, 1892, akawabadilishia watoto. Watoto wa mama wa kawaida wakanyonya kwa mama waliokwishazoea sumu, na wao wakawa sugu. Watoto wa mama sugu walionyonya kwingine walipoteza ulinzi wao upesi. Kinga ilikuwa inapita kwenye maziwa. Katika historia nzima ya jambo hili sijui jaribio lililo rahisi na safi kama lile. Mtoto wa darasa la tano angelielewa.

Kisha wakaja wa ng'ombe wenyewe. Mwaka 1922, huko Princeton, Marekani, Theobald Smith na Ralph Little waligawa ndama mafungu mawili: waliopewa dang'a na walionyimwa, wakapewa maziwa ya kawaida tangu siku ya kwanza. Wa kwanza waliishi. Wa pili wengi wao walikufa ndani ya siku chache, wakizidiwa na bakteria wa kawaida wa tumboni ambao ndama mwenye dang'a hata hawahisi. Smith ndiye yuleyule ambaye miaka thelathini kabla, pamoja na Kilborne, alionyesha kwamba homa ya Texas huletwa na kupe, hivyo kidole chake kiko pia kwenye habari ya Koch na ng'ombe wetu.

Sababu yenyewe iko kwenye kondo. Kondo la binadamu huruhusu kingamwili za mama kupita, ndiyo maana mtoto wa mtu anazaliwa akiwa na damu iliyokwishaandaliwa. La ng'ombe lina tabaka nyingi mno na halipitishi. Ndama huanguka kwenye majani akiwa mtupu kabisa. Kila kitu anachohitaji kimewekwa kwenye kiwele: lita moja ya dang'a nzuri ina gramu 50 au zaidi za kingamwili, wakati maziwa ya wiki mbili baadaye hayafiki hata gramu moja. Na utumbo wa ndama siku ya kwanza unazipokea nzima nzima na kuzipitisha hadi damuni, kama mlango wa pantoni ulioshushwa. Baada ya kama saa 24 mlango unafungwa. Dang'a ikija kesho kutwa, inakuwa chakula tu. Ndiyo maana mfugaji anayejua kazi yake haendi kulala ng'ombe akizaa saa nane za usiku. Anahakikisha ndama amepata lita tatu au nne kabla ya asubuhi. "Kashiba mpaka kalala," alisema mzee wa Feri, na kwenye maneno hayo machache mna elimu nyingi ya mifugo.

Mahali ambapo Afrika Mashariki yenyewe iliandika ukurasa wake katika habari hii ni Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo kilichohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Hapo Walter Plowright alitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kuumaliza ugonjwa huo duniani. Lakini hata kabla ya chanjo hiyo, waliokuwa wakichanja walikumbana na kitendawili: ndama wadogo wa mama waliokwishachanjwa walidungwa sindano na chanjo haikushika. Mtafiti R. D. Brown alichapisha 1958 maelezo yake. Ndama hao walikuwa wamenyonya kingamwili za sotoka kwenye dang'a, nazo zilidumu miezi kadhaa na kuizima chanjo kabla haijafanya kazi. Ngao ya mama ilikuwa imara kiasi cha kumkinga mtoto dhidi ya sindano iliyokuja kumsaidia.

Kwa hiyo mpango mkubwa wa kuchanja ng'ombe wa Afrika uliotangazwa miaka ya 1960 uliamriwa upite kwenye mazizi yaleyale miaka mitatu mfululizo, ili ndama wa mwaka huu wakutwe mwakani mkopo wa dang'a umekwisha. Wazee waliofuga kaskazini mwa Tanzania enzi hizo watakumbuka foleni, vumbi, na madaktari wa mifugo wenye mabomba ya sindano makubwa. Sotoka ilirudi mara kadhaa, kwa Tanzania mara ya mwisho ikiwa mpakani na Kenya miaka ya 1990, na 2011 ikatangazwa kwamba imetoweka duniani. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa kabisa, baada ya ndui. Dang'a ilikuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo hadi mwisho, lakini nani aliyeitaja kwenye hotuba?

Hayo ni ya bara na ya maabara. Mjini, mambo ya maziwa yalienda njia nyingine. Dar es Salaam ya uhuru ilikua haraka kuliko mazizi yake, na katika miaka ya 1970 shirika la umma la maziwa lilijenga kiwanda Ubungo, ambacho kwa sehemu kubwa kilichanganya unga wa maziwa na mafuta ya siagi ya msaada kutoka Ulaya kwa maji ya bomba. Kiwanda kilikufa. Kituo cha daladala kikarithi jina: Ubungo Maziwa. Abiria wanashuka hapo kila siku, na sidhani kama mmoja katika mia anauliza maziwa yapi.

Halafu ikaja miaka ya 1980, mshahara wa mwezi ukawa hautoshi wiki moja, na jiji likajaa mifugo. Walimu wa chuo kikuu walifuga kuku bafuni. Mabalozi wa Oysterbay waliamshwa na mlio wa ng'ombe wa jirani, mtumishi wa serikali, aliyefungwa nyuma ya bustani ya michongoma na kuletewa majani kwa baiskeli. Ulikuwa ufugaji wa watu wenye viwanja vikubwa, tukubaliane. Mkazi wa Manzese hakuwa na mahali pa kumfunga hata mbuzi. Serikali, baada ya kusitasita, ikatoa kanuni za kilimo cha mjini 1992: ng'ombe wasizidi wanne kwa nyumba, nao walishwe ndani. Wakati huohuo mikoani ulienea mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo familia maskini ilipewa mtamba mwenye mimba na kulipa deni kwa kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Katika mpango huo dang'a haikuwa habari ya ushairi. Ndama akifa, deni halijalipwa.

Ni hapo ndipo watoto wengi wa Dar es Salaam wa rika langu waliionja dang'a, si kijijini bali uani kwa jirani mwenye ng'ombe. Ng'ombe akizaa, bakuli zilipita juu ya ukuta. Haikuwezekana kuiuza hata ukitaka. Kiwandani hawapokei, kwa kuwa dang'a kidogo tu ikichanganyika na maziwa yakichemshwa yanaganda, na viwango vya maziwa mabichi vya Afrika Mashariki vinataka maziwa ya siku za mwanzo baada ya kuzaa yasiwemo. Kwa hiyo iliyobaki baada ya ndama ikawa ya watoto, wachungaji, wajawazito na majirani. Kanuni ya kiwanda na adabu ya zizi zilifikia neno moja kwa njia mbili tofauti.

Kuna jambo la kuchekesha, au la kuhuzunisha, katika upande wa pili wa ua. Nyumba hizohizo zilizogombania dang'a ya ng'ombe zilikuwa na bibi aliyemwambia mzazi mpya aikamue na kuimwaga ya kwake. Katika nyumba nyingi za pwani maziwa ya mwanzo ya mama yalihesabiwa machafu, yamekaa kifuani muda mrefu, na mtoto akapewa maji ya sukari kwa kijiko mpaka "maziwa meupe" yashuke. Iliwachukua wauguzi wa kliniki miaka mingi kuigeuza fikra hiyo, hasa baada ya Azimio la Innocenti la 1990 kuhimiza unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee. Siku hizi muuguzi wa Mnazi Mmoja anasema bila kupepesa: maziwa ya manjano ni chanjo ya kwanza ya mtoto, anyonyeshwe ndani ya saa moja. Ni kweli, ingawa kwa namna tofauti na ndama. Kingamwili za dang'a ya mama haziingii damuni kwa wingi. Hukaa kwenye utando wa utumbo wa mtoto na kuulinda kama chokaa juu ya ukuta. Iliwachukua binadamu muda mrefu kukubali kwamba anachofanya ng'ombe kwa ndama wake nao wanaweza kukifanya.

Neno kinga lilibadilika uzito wake katika jiji hili kwa sababu ya UKIMWI. Kabla yake, kinga ilikuwa hirizi, chanjo, au mwavuli. Baada yake ikawa kitu kinachohesabiwa: CD4 mia ngapi, imepanda au imeshuka. Kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure 2004, watu walikuwa tayari kununua chochote kilichotaja neno hilo. Meza za Kariakoo zikajaa: mlonge, kitunguu saumu kwenye vidonge, mafuta ya habasoda, shubiri za chupa, na makopo ya wauzaji wa biashara ya mtandao waliokuja na suti na michoro ya mishipa ya damu. Unga wa dang'a uliingia kwa mlango huo. New Zealand ina ng'ombe wengi wanaozaa kwa msimu mmoja, hivyo kila mwaka kwa wiki chache hupatikana dang'a nyingi kuliko wanavyoweza kunywa ndama wote, nayo hukusanywa, hukaushwa na kufungashwa.

Na haikuwa uwongo mtupu, hilo ndilo linalofanya habari hii iwe ngumu kusimulia dukani. Mwaka 2011 ilichapishwa ripoti ya jaribio lililofanywa kaskazini mwa Uganda na daktari Felix Kaducu na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Sweden. Watu wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakiharisha kwa muda mrefu walipewa chakula cha unga wa dang'a ya ng'ombe juu ya matibabu ya kawaida. Walioupata waliharisha kidogo na kurudisha uzito. Huko Marekani, 1988, watafiti walikuwa wamefanya jaribio kali zaidi: waliwachanja ng'ombe dhidi ya aina moja ya bakteria wa kuhara, wakachukua kingamwili za maziwa yao, wakawapa watu 10 wa kujitolea, kisha wakawanywesha bakteria wenyewe. Hakuna aliyeharisha. Kati ya 10 waliopewa kitu kingine, waliharisha 9.

Ila tazama mambo mawili katika majaribio hayo. Yote ni ya tumboni: kingamwili za ng'ombe hufanya kazi njiani, kabla tumbo halijazivunja, kisha zinaisha kama chakula kingine, haziingii damuni mwa mtu mzima, kwa kuwa mlango ule wa saa 24 kwetu haujapata kufunguka hata siku moja. Halafu ng'ombe wa 1988 walichanjwa dhidi ya adui yuleyule aliyetumiwa. Ng'ombe wa kopo wanakumbuka magonjwa ya malisho yao. Hawajawahi kuumwa na kupe wa Kisarawe, wala kunywa maji ya bonde la Msimbazi.

Mwaka huohuo wa 2011, barabara za Loliondo zilijaa magari kuelekea Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, na kikombe chake cha dawa cha shilingi 500. Watu walitoka Nairobi, Dubai na Feri. Sitaki kufananisha kikombe na kopo. Babu hakuwa mfanyabiashara kama wale wa suti. Nakumbuka tu kwamba mteja alikuwa mmoja, na alichokuwa akikitafuta kilikuwa kimoja. Mteja huyo alirudi tena 2020, mwaka wa korona, nyungu, malimao na tangawizi, wakati hata Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo ofisi zake kwa miaka mingi zilikuwa kwenye barabara ileile ya pwani alikopita Koch, ilipotoa mchanganyiko wake wa mimea. Kariakoo tangawizi ilipanda bei kila wiki. Na makopo ya dang'a, kwa maneno ya kijana wa Narung'ombe, "yalikatika."

Nilimuuliza kijana huyo kama yeye anakula. "Kaka, mimi nina kinga yangu," akasema, akijipiga kifua. Nilipogeuza kopo niliona maelekezo mazuri tu: kijiko kimoja, maji ya uvuguvugu, yasiwe moto. Hapo nikamkumbuka mama lishe na mkaa wake. Kingamwili ni protini, na ndizo hasa zinazoigandisha dang'a jikoni. Moto unaoleta lile donge laini unaziharibu palepale. Nilichokula kwenye kisahani cha chai kilikuwa protini, mafuta, vitamini A ya kutosha na iliki. Kinga ilikwishaungua. Lakini kumwambia aache kupika ni ushauri wa hatari zaidi, kwa sababu maziwa mabichi hubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Hata Koch alipata kusimama London, 1901, akasema kifua kikuu cha ng'ombe si tishio kubwa kwa watu. Iliwachukua Waingereza miaka kumi ya uchunguzi kuthibitisha kwamba mzee alikosea, na katika miaka hiyo watoto wengi walikunywa.

Basi nilirudi Feri na kopo lile, nimelinunua kwa tamaa ya kuandika. Mzee wa barakashia alikuwa kwenye foleni ya kurudi Kigamboni, madumu yake matupu yakigongana. Alilipokea kwa mikono miwili, akalisogeza mbali na macho ili asome, akamtazama yule ng'ombe wa madoadoa kwa muda.

"Huyu wa wapi?"

"New Zealand, mzee. Mbali, huko kusini kabisa."

"Na ndama wake anakunywa nini?"

Nikamweleza kwamba ndama hupewa kwanza, inayozidi ndiyo inayokaushwa. Akafikiri.

"Inazidi kiasi hiki?"

"Wanazaa wengi kwa pamoja."

Aliuliza bei. Nilipomwambia alinirudishia kopo taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kinachoweza kuvunjika, akasema mtamba wake wa pili atazaa mwezi ujao, nije na chupa safi. Mlango wa pantoni ulishuka, watu wakaanza kusukumana, naye akaipitisha baiskeli yake mbele ya bajaji zote.